Elijah Craig Toasted Barrel: pipa la pili linaongeza nini hasa?

Hii bourbon, yaani whiski ya Marekani ya mahindi, ukiionja peke yake utaipenda haraka mno na hutajua kwa nini. Mimi naihukumu ikiwa pembeni ya ndugu yake, Elijah Craig Small Batch. Zote zina kileo cha asilimia 47 na mchanganyiko wa nafaka ni uleule: mahindi asilimia 78, kimea cha shayiri 12, rai (nafaka ya jamii ya ngano) 10. Tofauti kubwa iliyobaki ni pipa la pili, ambamo Toasted hulazwa ikitoka kwenye la kwanza, na hilo ndilo unalolipia. Ilipotoka mwaka 2020 bei yake Marekani ilipangwa karibu dola 50, juu ya ile ya Small Batch.

Toasted maana yake pipa limebanikwa, na kubanika si kuunguza. Pipa la kawaida la bourbon huwashiwa moto ndani hadi uso wa ubao unakuwa mkaa, kazi ya chini ya dakika moja. Hapo Heaven Hill, kiwanda kinachotengeneza Elijah Craig, hutumia kiwango cha 3 cha kuunguza. Pipa la pili la Toasted limetengenezwa na Independent Stave, kampuni ya mapipa, kwa mbao zilizoanikwa nje miezi 18. Linabanikwa kwanza kwa joto la wastani, kisha linapitishiwa moto wa ghafla juujuu. Joto la polepole hupenya ndani zaidi ya ubao: hemiselulosi, sehemu mojawapo ya ubao, huvunjika na kutoa sukari za mbao zinazogeuka karameli, na lignini, sehemu nyingine ya ubao, hutoa vanilini, yaani harufu ya vanila. Utamu wa ziada unaouonja umetoka humo. Bourbon kisheria hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha, kwa hiyo atakayekuambia wametia sharubati, mwambie aanze na sheria.

(Ile hadithi kwamba Elijah Craig, mhubiri wa Kibaptisti, ndiye aliyevumbua kuunguza mapipa, ichukuliwe kama hadithi. Wanahistoria wengi hawaikubali.)

Kuonja kwenyewe. Glasi mbili zenye tumbo na mdomo mwembamba, mililita 30 kila moja, zikae dakika kumi. Bandika alama chini ya glasi, mtu mwingine azibadilishe nafasi. Ukitaka kujipima kweli, weka glasi tatu, mbili zikiwa na kinywaji kimoja, utafute ile iliyo tofauti. Usipoipata mara tatu mfululizo, baki na Small Batch tu, utaokoa hela.

Ukinusa, usizamishe pua. Kwa asilimia 47 mvuke wa kileo unachoma, na pua iliyochomwa haisikii kitu kwa dakika kadhaa. Shika glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, uipandishe taratibu. Kwenye Toasted napata vanila na sukari iliyoungua, nyuma yake biskuti, halafu nazi ya kashata iliyozidi moto kidogo. Small Batch inaanza na ganda la chungwa na mahindi makavu, vanila inakuja baadaye. Kwenye harufu Toasted inashinda wazi.

Ulimini mambo yanabadilika. Funda la kwanza lisikupe hukumu, hilo ni la kuzoesha mdomo. La pili, kama kijiko kimoja cha chai, lisambaze ulimi mzima kwa sekunde kumi kabla ya kumeza. Mwanzo ni karameli nzito na mdalasini, katikati inajaa vizuri, kisha mwaloni unaingia. Ukishameza, subiri. Baada ya sekunde kama 15 utamu unaondoka na unabaki ukakasi pembeni mwa ulimi, wa aina ile ya bibo, ila hafifu. Ni tanini za mbao mpya. Bourbon imeshalala kwenye pipa jipya mara moja, ikapelekwa kwenye jingine jipya, kwa hiyo mbao inachukuliwa mara mbili. Mimi ukakasi huu naukubali kwa sababu unaukata ule utamu. Asiyependa mbao ataona umezidi, na hakosei.

Maji yanasaidia, lakini kwa kipimo. Nusu kijiko cha chai kwenye mililita 30 inakushusha hadi karibu asilimia 43: nazi inajitokeza, moto unapungua. Kijiko kizima kinaacha ukakasi na kuondoa karameli, yaani unabaki na kile usichokitaka. Tumia maji ya chupa, maana klorini ya bomba inasikika kabla ya vanila. Barafu siishauri hapa. Ubaridi unafunga harufu, ambayo ndiyo nguvu ya chupa hii, na ukakasi hauendi popote. Kwa anayeonjea Dar au Mombasa kwenye joto la nyuzi 30, chupa ikae kwenye friji dakika kumi kabla ya kumimina, si zaidi. Bila hivyo utanusa spiriti tu.

Kingine kinachoharibu: glasi iliyofungiwa kabatini ikashika harufu ya mbao za kabati au ya sabuni. Isuuze kwa maji matupu na uinuse ikiwa tupu kabla hujamimina.

Na usikimbilie kuosha glasi ukimaliza. Iache nusu saa, unuse tena. Kileo kimeshapaa, kilichobaki ni mbao. Ya Toasted inanukia karameli na unga wa kakao, ya Small Batch inanukia ubao mkavu na tumbaku kidogo. Hapo ndipo kazi ya pipa la pili inaonekana bila kelele, na ni kipimo ninachokiamini kuliko funda lolote.

Bourbon nyingine za pipa la pili zipo. Michter's Toasted Barrel Finish, iliyoanza kutoka 2014, ina asilimia 45.7 na pipa lake la pili limebanikwa bila kuunguzwa kabisa. Woodford Reserve Double Oaked, 45.2, ni nzito zaidi kwa chokoleti. Anayetaka utamu mtupu aanzie Woodford.

Toasted naipa 8 kati ya 10 ikinywewa kavu baada ya chakula, 6 kwa mchanganyiko. Kwenye Old Fashioned (whiski, sukari na bita, yaani matone machungu ya viungo) ya sukari ya kawaida inakuwa tamu ya kuchosha. Ukishaamua kuitengeneza nayo, punguza sukari kwa nusu, ongeza tone moja la bita, na ganda la chungwa likamulie juu ya glasi badala ya kulizamisha.