Wembe wangu wa kwanza wa kukunja: laki na nusu ilivyotumika na nini ningenunua tena

Mi ndevu zangu ni zile za kipilipili, zinajikunja zikiwa bado changa kabisa, na kwa miaka kama sita nimekua nikinyoa na zile za kubadilisha kichwa zenye nyembe tatu mpaka tano, matokeo yake shingo nzima vipele, vingine vinatunga usaha mpaka kola ya shati ikigusa unasikia. Daktari wa ngozi ndo alinifungua macho. Akaniambia nyembe zikipangana hivo wa mbele unauvuta udevu, wa nyuma unaukata, udevu unabaki umezama chini ya ngozi, sasa ukianza kuota na kwa vile umejikunja unaichoma ngozi ukiwa ndani kwa ndani, kipele kinazaliwa hapo. Akasema fuga ndevu au nyoa na wembe mmoja. Mi nafanya kazi hotelini huku Tanga, kufuga hawataki, ndo nikaanza kutafuta wembe wa kukunja, ule wa kinyozi wa zamani, na nikajiwekea laki na nusu kila kitu kiwe ndani yake.

Kwanza ujue kuna vitu viwili vinafanana sana ukiviona dukani. Kuna ule wa saluni, unavunja wembe wa kawaida katikati unaingiza nusu, ukichakaa unatupa unaweka mwingine. Alafu kuna wembe wenyewe hasa, chuma kimoja kizima, makali yake yananolewa na ukiutunza unaweza kumrithisha mwanao. Nilianza na wa saluni, elfu 8, na sijutii hata kidogo. Kwa kinyozi mwenye wateja wengi ndo wenyewe, maana kila mteja na wembe wake mpya, na mambo ya UKIMWI na homa ya ini sio ya kuchezea. Kwa matumizi ya nyumbani ulinifundisha mkono, kuvuta ngozi, kuupa wembe mlalo, kunyoa kufuata ndevu zinakoelekea. Ubaya wake ni mwepesi sana na makali ni ya ukatili, mkono ukiteleza kidogo tu damu. Ila ndani ya miezi miwili vipele vilipungua karibu nusu, nikajua njia ni hii.

Nikahamia kwenye wembe wenyewe, na hapa ndo hela inapopotea kwaiyo soma taratibu. Nyembe za Wajerumani kama za kampuni ya Dovo ya Solingen, mji wao wa visu na nyembe, ule wa kuanzia tu unapita dola 100 kabla hujaweka usafiri na ushuru, kwaiyo kwa bajeti yangu hapana. Nikaona mpya mtandaoni kwa elfu 38, boksi zuri, mpini unang'aa, nikalipa. Ulipofika nikaujaribu kwenye nywele za mkono, haukukata hata moja, unazilaza tu. Nikajipa moyo labda usoni utafanya kazi, nikapaka povu nikaanza shavu la kulia, aisee ulivuta ndevu mpaka machozi yakanitoka, nikaacha nusu ya uso.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja mtaani, amenyoa watu tangu ujana wake na bado anatumia wembe wa kukunja. Nikamwamkia, nikamkabidhi. Akausogeza dirishani, akaulaza bapa kwenye kinoo chake akaniambia chungulia hapa. Upande wa kisigino, pale makali yanapoanzia karibu na mpini, chuma kina kibonge, kibonge kile kinauinua wembe usilale sawa kwenye jiwe, kwaiyo ile theluthi ya mwanzo haijawahi kuguswa na kinoo tangu itoke kiwandani. Akaniambia, mwanangu, hiki ni chuma chenye umbo la wembe, makali bado hujanunua. Alifanya anavyoweza jioni nzima, nikampa elfu 10, ncha na katikati vikakata vizuri ila kisigino kiligoma mpaka leo.

Lile neno lake la makali ndo limebadilisha nnavyohesabu hela. Wembe mpya wa bei ya chini karibu wote unakuja haujanolewa vya kutosha kunyolea, kwaiyo bei unayoiona dukani ni nusu ya bei. Kabla hujalipa muulize muuzaji umenolewa tayari kwa kunyoa au umetoka tu kiwandani hivo ulivyo, na kama hamna mtu wa kuunoa jirani yako bora hela ikae mfukoni kwanza.

Uliokuja kuniokoa ni wa zamani. Dada yangu mtoto wa baba mdogo anaishi Hamburg, kule Jumapili kuna masoko ya vitu vilivyotumika na nyembe za zamani za Solingen zinakuwepo, nikampa vitu vya kuangalia na akawa ananipigia picha mojamoja. Nilimwambia makali yasiwe na pengo wala ufa hata wa unywele, kutu kwenye mpini au mgongoni inavumilika ila ikishaingia vishimo karibu na makali achana nao, ukiufunga uingie katikati ya mpini bila kugusa pembeni, na mgongo usiwe umelika bapa pana upande mmoja, maana hiyo ni dalili umenolewa na mtu asiyejua. Upana nilitaka 5/8 ya inchi, yaani kama milimita 16, ndo saizi inayomfaa anayeanza, mpana zaidi ni mzito na unakuziba usione chini ya pua, mwembamba zaidi mara nyingine ni ule ulionolewa mpaka ukaisha. Alafu ncha iwe ya duara. Hilo nalisisitiza jamani, ncha ya kona inapendeza kwenye picha ila kwenye sikio na pembe ya mdomo inakuchoma kabla hujajua imekugusa wapi.

Akaupata kwa yuro 20, kama elfu 58 hivi, akaja nao likizo kwenye begi la chini maana kwenye begi la mkononi ndani ya ndege hawaruhusu. Jina la Solingen linalindwa na sheria Ujerumani, kitu lazima kiwe kimetengenezwa kule ndo kiandikwe hivo, ila ukinunua huku usiamini maandishi peke yake, muhuri kila mtu anaweza kugonga. Mzee akaunoa kwa elfu 10 nyingine, na safari hii ulilala kwenye kinoo sawa kuanzia kisigino mpaka ncha, hata mlio ulikua mmoja.

Asubuhi yake nikaosha uso maji ya moto, nikapaka povu la sabuni ya kunyolea ya elfu 6, nikaacha dakika mbili tatu ndevu zilainike. Mlalo wa wembe ni kama nyuzi 30, mi napima kwa macho, kati ya mgongo wa wembe na shavu iwepo nafasi ya migongo miwili hivi. Ulivyoshuka nikausikia, ule mchirizo wa chuma chembamba kilichochimbwa pande zote mbili, kama mtu anachana karatasi chumba cha pili, na haukuvuta hata udevu mmoja. Nikapita mara moja tu, kufuata ndevu, sikurudia kinyume, alafu shabu iliyoloweshwa na maji baridi. Jioni naipapasa shingo haina moto.

Mkanda wa kupigia wembe, yaani wa kuuburuza huku na huku makali yanyooke, nilimwagiza fundi viatu, ngozi nene laini ya sentimita 50, upande wa pili kaweka turubai, elfu 20. Kila kabla ya kunyoa napiga mara 30 kwenye turubai na 50 kwenye ngozi, mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma, na ukifika mwisho unageuza kwa mgongo, sio kwa makali. Wiki ya kwanza niligeuza vibaya nikaukata mkanda alama ya sentimita mbili, inaniuma mpaka leo, kwaiyo anza polepole sana, kasi haiongezi kitu.

Jumla imetimia laki na nusu: elfu 8, 38, 58, kunoa mara mbili 20, mkanda 20, sabuni 6. Kama ningejua mapema ningeruka ule wa elfu 38 na kunolewa kwake, elfu 48 nzima ingebaki. Huna ndugu nje? Basi kaa na wa saluni miezi kadhaa, mkono ukomae, huku unatafuta mtu anayejua kunoa, ukishampata ndo ununue chuma, tena ukiweza nenda nae dukani.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Nyembe hizi za zamani ni chuma cha kaboni, kinashika kutu haraka. Masika iliyopita niliuacha bafuni siku mbili tu, nikakuta doa jekundu kama punje ya ulezi milimita chache juu ya makali, nilishtuka sana, nikalisugua na mafuta na kitambaa likatoka ila kivuli kimebaki. Sa hivi nikimaliza nasuuza, nafuta na taulo, napiga mkanda mara kumi kukausha makali, napaka tone moja la mafuta ya cherehani, na unalala kabatini chumbani, bafuni hauingii tena isipokua wakati wa kunyoa. Huu ni mwezi wa nane naunyolea, mzee ameugusa kwenye kinoo mara moja tu, na shingoni nimebakiwa na vipele viwili chini ya taya la kushoto, pale ndevu zangu zinapoota kuzunguka.