Nairobi hadi Naivasha kwa baiskeli wakati wa masika: Mai Mahiu au Kimende?

Klabu ikitoka Nairobi kuelekea Naivasha siku ya mvua, njia inachaguliwa Rironi, barabara zinapogawanyika.

Barabara ya chini, ya Mai Mahiu, siku kavu ni raha tupu: mteremko wa Bonde la Ufa uliochongwa na wafungwa wa vita Waitaliano. Ikilowa ni habari nyingine. Ni nyembamba, malori yanajikokota kupanda huku matatu zikiyapita konani, na mwenye breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, anafinya weee kabla hazijashika. Kundi halishuki likiwa limebanana; kila mtu aachane na mwenzake, msubiriane chini. Na huko chini ndiko mafuriko ya Aprili 2024 yalikoua makumi ya watu.

Ya juu, kupitia Kimende na Kinungi, ni pana na inashuka taratibu. Inatesa kwa baridi na ukungu: mko juu ya mita 2,400 kwa muda mrefu, vidole vinakufa ganzi, magari yanakimbia. Taa ya nyuma ni lazima, madigadi pia, la sivyo wa nyuma atakunywa tope.

Mimi ningepita juu, glavu za akiba mfukoni. Mai Mahiu ingoje Januari.