Seva ya BlackBerry ofisini: ya kulipia au Express ya bure?

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Enzi za simu za BlackBerry, watu 22 walikuwa nazo, na barua pepe ndiyo kazi yenyewe: hati za mzigo zikichelewa, kontena linalala bandarini na gharama zinapanda. Nilipewa kazi ya kuchagua seva ya kuunganisha simu hizo na Exchange yetu, yaani mfumo wa Microsoft wa barua pepe za ofisi. Zamani ungelipia BlackBerry Enterprise Server upende usipende, lakini Machi 2010 Research In Motion, watengenezaji wa BlackBerry, walitoa Express, ambayo hukulipia programu wala leseni za watumiaji.

Mhasibu wetu, mama makini sana, alivua miwani akaniuliza, "Mwanangu, cha bure kina nini ndani?"

Jibu nililipata kwenye bili za simu. Seva kamili, yaani ile ya kulipia, ilitaka kila laini iwe na kifurushi cha data cha kampuni, na kwa mtandao tuliokuwa tukiutumia hicho kilikuwa ghali. Express ilikubali kifurushi cha kawaida cha BlackBerry, ambacho makarani walikuwa nacho tayari. Nikaizidisha ile tofauti kwa laini 22, kisha kwa miezi 12. Mama alipoiona jumla hakuuliza tena.

Masharti ya usalama ambayo msimamizi angeweza kuziwekea simu kwenye Express yalikuwa zaidi ya 35. Seva kamili ilikuwa na zaidi ya 400. Mimi nilitumia manane, likiwemo la nenosiri la lazima na la simu kujifunga yenyewe, na sikuwahi kupungukiwa. Nilichokosa kweli ni seva ya akiba. Ile kamili iliruhusu ya pili ishike kazi ya kwanza ikianguka, Express haikuruhusu. Kama ningekuwa benki au hospitali, ningelipa kwa sababu hiyo moja tu.

Kuiweka haikuwa kazi ya kutisha. Watumiaji wasipozidi 75, iliweza kukaa kwenye mashine ileile ya Exchange, hivyo hatukununua mashine mpya. Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyonipotezea usingizi. La kwanza, simu ilipounganishwa, barua yenye faili la ETP.dat, ambalo ndilo linaloiandikisha simu kwenye seva, iliingia kwenye sanduku la mtumiaji, na kichujio chetu cha barua taka kilikuwa kinaimeza. La pili lilinichukua siku tatu: mkurugenzi anapokea barua vizuri, akijibu haziendi. Namrudishia ruhusa ya akaunti ya seva kutuma kwa jina lake, inafanya kazi, baada ya muda imefutika tena. Kumbe aliwekwa zamani kwenye kundi la wasimamizi wa mtandao, na Windows huzirudisha ruhusa za watu wa kundi hilo kwenye hali yake ya awali kila saa, na ile niliyoiongeza inafutika. Nikamtoa kundini, nikamrudishia ruhusa, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Imani yangu kwa Express ilikamilika Novemba. Karani wetu wa bandarini alipoteza simu yake, BlackBerry Curve 8520, kwenye msukumano wa feri ya Likoni asubuhi. Akanipigia kwa simu ya mwenzake, sauti inatetemeka: "Kaka, simu imeenda, na mle mna ankara za wateja!" Alikuwa anataka kukimbilia duka la mtandao akafunge laini. Nikamwambia, tafadhali dada, usiifunge bado. Laini ikifungwa, amri ya kufuta haitafika. Nikafungua ukurasa wa usimamizi, nikatafuta jina lake, nikachagua kufuta data zote na kuizuia simu isitumike tena kwa kazi ya ofisi. Amri ikakaa inasubiri, kwa kuwa aliyeiokota alikuwa ameizima. Baada ya kama dakika 20 hivi mtu akaiwasha, na kwenye skrini yangu ikaandikwa kuwa imefutika.

Hapo ndipo nikampigia: "Haya, sasa nenda kaifunge laini."