Mbao za Kibaraza Dodoma: Zipi Ununue, Zipi Uziache Kwa Muuzaji

Nyumba nyingi mpya za Iyumbu, Nzuguni na Ilazo zina nguzo nne za zege mbele, nene kama za benki. Sina ugomvi nazo. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kibaraza cha mbao, pagola ya uani au kibanda cha kupumzikia, boriti na viungo vikionekana, na anajiuliza anunue mbao gani.

Dodoma mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kuoza hakutusumbui kama kunavyowasumbua wenzetu wa Tanga. Wanaotumaliza ni mchwa na ukavu. Ubao ukifika mbichi hapa mwezi wa nane, jua na upepo vinaunyonya maji haraka, upande mmoja ukiutangulia mwingine, na nguzo uliyoisimamisha wima inaanza kujisokota. Ndiyo maana katika kupanga hizi mbao nimeangalia mambo matatu: mchwa, utulivu wa ubao, na kama unapatikana kihalali bila kuuza kiwanja.

1. Mtiki, kwa nguzo na boriti zinazoonekana

Huu ndio chaguo langu la kwanza. Ukishakauka hautingishiki sana, kiini chake mchwa hawakipendi, na ni mti wa kupandwa: mashamba ya serikali ya Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yanauvuna miaka mingi sasa. Unachongeka vizuri, kwa hiyo fundi seremala anaweza kukata ulimi kwenye boriti, akauingiza kwenye tundu la nguzo na kuufunga kwa kigingi cha mti, bila bamba la chuma kuonekana.

Tatizo ni mtiki mchanga. Miti inayopunguziwa shambani huwa myembamba, na ubao wake unakuwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje. Hiyo nyeupe haina ulinzi wowote. Mchwa wanaila kama kawaida. Geuza kila nguzo, tazama kichwa chake pande zote nne. Ukiona weupe umeingia zaidi ya upana wa kidole kwenye kona, irudishe kwenye rundo. Muuzaji atakwambia "itakolea rangi ikikaa." Rangi inaweza kukolea kweli, ila mchwa hawaangalii rangi.

Nguzo ya inchi 4 kwa 4 inatosha kubeba bati la kibaraza kidogo. Lakini ukitaka viungo vya ulimi na tundu, nenda 6 kwa 6, maana tundu linakula nyama ya nguzo pale pale penye mzigo.

2. Paini ya dawa, kwa kenchi, papi (mbao za kupigilia bati) na chochote cha juu

Zinatoka Mufindi, mashamba ya Sao Hill, zinapakiwa Mafinga na kuja kwa barabara ya Iringa kupitia Mtera. Kwa bei na upatikanaji hazina mpinzani, na kama dawa imeingia kweli, hata nguzo unaweza kusimamisha.

Shida ni hilo neno "kweli". Kuna paini iliyosukumiwa dawa kwa presha ndani ya tangi, na kuna paini iliyochovywa kwenye pipa ikatoka ya kijani. Kwa macho zinafanana. Omba kipande kimoja kikatwe katikati ya urefu wake, si mwishoni, kwa sababu ncha za ubao hunywa dawa hata kwa kuchovya tu. Ukijani ukiwa ni mstari mwembamba kama ngozi na ndani kote ni njano safi, hiyo ni rangi. Muuzaji akikataa kukata, lipia hicho kipande. Ni hasara ndogo kuliko kubadilisha kenchi.

Halafu uzito. Inua mbao mbili za saizi moja kutoka sehemu tofauti za rundo. Iliyo nzito sana bado ina maji. Ukizichukua hivyo, zipange kivulini na vipande vya kutenganishia katikati yake ili hewa ipite, weka mawe juu, paka rangi kwenye ncha zisipasuke, na uzipe wiki kadhaa kabla fundi hajagusa.

3. Nguzo za mlingoti (mkaratusi) zilizotiwa dawa

Ni zile za mviringo, ndugu wa nguzo za umeme. Kwa kibanda cha uani chenye paa la nyasi, hizi zinapendeza na hazihitaji randa. Zinapasuka mipasuko mirefu zikikauka, ni tabia yake. Usinunue yenye mpasuko uliofika katikati, kwa sababu huko dawa haifiki. Kwa mlango wa mbele wa nyumba ya kisasa, mimi nisingeziweka.

4. Mninga na mkongo

Kwa ubora zingekuwa juu ya orodha. Nimezishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu zinatoka misitu ya asili: dai risiti na hati ya kusafirisha kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, la sivyo mzigo unaweza kukamatwa ukiwa wako. Mninga uweke kwenye mlango wenyewe, mahali watu wanaposhika. Kuutumia kwa papi ni kujionyesha tu.

5. Paini isiyo na dawa

Hii iache kwa muuzaji, hata kama unapanga kuipaka oili chafu. Oili inabaki juu juu, inachafua nguo za wageni, na mpasuko wa kwanza unawafungulia mchwa njia.

Chochote utakachochagua, tenga hela ya mguu wa nguzo kabla ya kulipia mbao. Mafundi wengi huichimbia nguzo ndani ya zege. Mbao inasinyaa, zege halisinyai. Panabaki nafasi nyembamba kuizunguka, maji ya Januari yanaingia, na mchwa wanapanda humo bila wewe kuwaona. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kiatu cha chuma kinachoinua nguzo inchi 4 hadi 6 juu ya sakafu, kifungwe kwa bolti. Mchwa watalazimika kujenga njia yao ya udongo juu ya chuma, mahali utakapoiona asubuhi ukifagia. Na kwa kuwa kibaraza kiko wazi, upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu: kila kenchi ifungwe kwenye boriti kwa mkanda wa chuma, misumari peke yake haitoshi.

Vipande vinavyobaki vya mbao za dawa usimpe mtu akapikie. Dawa inayotumika sana ina aseniki, na moshi wake ni sumu. Wala usivipeleke kwenye banda la kuku.