Nimefika nyumbani kwa Louis Vuitton, yule mzee mwanzilishi wa mabegi ya LV, kule Asnières, aisee zile nyundo!

Niseme mapema, mi sina begi la LV hata moja, yale ya Kariakoo sihesabu 😂. Alienipeleka ni dada yangu anaekaa Paris. Kampuni mama LVMH ina siku zake za kufungua karakana kwa watu wa kawaida, walianza 2011, haifanyiki kila mwaka, kuingia bure ila lazima ujiandikishe, basi akatuandikisha wawili akaniambia we njoo tu.

Asnières iko pembeni ya Paris, unavuka mto Seine. Mkipanda metro namba 13 angalieni ubao, ile laini huko mbele inagawanyika matawi mawili, sisi kwa stori zetu tukajikuta tunaenda Saint-Denis, tukarudi mbio mbio jasho linatutoka.

Nilitegemea kasri, kumbe ni nyumba ya familia yenye bustani na karakana hapo hapo. Mzee Louis alifungua biashara Paris 1854, mwaka 1859 akaleta karakana huku, na hesabu zake zilikuwa kali maana mto unamletea mbao na treni inamfikishia mzigo mjini Paris, stesheni ya Saint-Lazare. Sebule ina madirisha ya vioo vya rangi, maua maua kila kona, dada alizubaa pale mpaka nikamvuta mkono, mi sebule za watu hazinishiki sana.

Karakana sasa! Unasikia tok tok tok kabla hujaona kitu. Masanduku bado yanaundwa kwa mkono, fremu ya mbao nyepesi ya popla, kuna na okoume ambayo ni mti wa kwetu Afrika, wa Gabon huko, afu fundi anapigilia misumari ya shaba mmoja mmoja pembezoni, imenyooka utadhani kapiga rula. Nikakumbuka kasha la bibi Unguja, lile la misumari ya shaba, ambalo nilikuwa nalipanda kwa miguu kuchungulia dirishani, Mungu anisamehe.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Huyu mzee alitoka kwao Jura, mashariki mwa Ufaransa, kwa miguu, kijana wa miaka kama 14, akafika Paris kazi yake ikawa kutengeneza makasha na kufunga mizigo ya matajiri, mpaka nguo za Eugénie mke wa mfalme Napoléon wa tatu alikuwa anazipanga yeye. Yaani mfunga mizigo! Ndo maana alijua shida iko wapi, masanduku ya zamani yalikuwa na mfuniko wa mgongo ili mvua iteremke, huwezi kuyabebanisha, yeye akaweka mfuniko bapa na turubai lisilopitisha maji, kwisha kazi. Na ile LV yenye maua tunayoijua wote, ile inayofojiwa dunia nzima, kaibuni mwanae Georges 1896 wakati mzee kafariki 1892. Hakuwahi kuiona! Mi nilikuwa najua kaanza nayo.

Kingine, sanduku la kubebea kombe la dunia 2010 Afrika Kusini lilitengenezwa hapo hapo. Na zamani walikuwa na sanduku ukilifungua linakuwa kitanda, mpelelezi Brazza alikuwa nalo, huyo huyo ambae Brazzaville inaitwa kwa jina lake. Na vitasa je, mteja anaweza kuwa na ufunguo mmoja tu ukafungua masanduku yake yote, mi nyumbani nina funguo tisa sijui hata za nini.

Kwa mtu anaependa kazi za mikono napapa 10 kwa 10, jiandikishe mapema na vaa viatu vya kutembelea. Kama unataka kuona mabegi tu baki Champs-Élysées dukani. Dada yeye bado anaongelea yale madirisha.