Kuongozwa katika Bonde la Teleki, Mlima Kenya

Kwa yeyote anayetaka kujionea alama za enzi za barafu, ninaipendekeza kwa dhati huduma ya waongozaji wanaopandisha wageni Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Mwongozaji wetu alitusimamisha katika Bonde la Teleki, akatuonyesha jinsi barafu nene iliyotambaa humo takriban miaka 20,000 iliyopita ilivyolichonga bonde likawa na umbo la herufi U, kisha akaeleza kwa ufasaha wa kupendeza kwamba mabadiliko ya taratibu katika njia ya dunia kulizunguka jua ndiyo huanzisha zamu za baridi na joto. Chakula kilikuwa cha kawaida. Hata hivyo, muda wa kuitazama barafu ya Lewis, inayozidi kusinyaa, ungepaswa kuongezwa.