Kisu cha kwenda nacho Mtera kuvua: kipi ununue, kipi ukiache hukohuko dukani

Kuna kisu changu kimelala chini ya Bwawa la Mtera mpaka leo na wala sikililii. Kilikuwa kile cha komando, chenye meno ya msumeno mgongoni, mpini mweusi uko mtupu ndani unaweka kiberiti na ndoano na sindano, af kwenye kitako kuna kifuniko chenye dira. Nilikinunua duka moja hapa Dodoma mjini elfu thelathini na tano, muuzaji ananiambia braza hiki cha jeshi kabisa. Sasa kambale wa kwanza wa siku ile, wala hakuwa mkubwa wa kutisha, nimemlaza juu ya jiwe nataka kumtoa kichwa, nikakandamiza kidogo tu, tak! Bapa likachomoka, likateleza kwenye jiwe, likazama. Nimebaki na mpini mkononi kama mtu kashika tochi. Shemeji hakucheka palepale (alicheka baadae, tangu Mtera mpaka Mlowa Barabarani), alifungua begi lake akatoa kisu cha bucha kimeviringishwa kwenye gazeti, akamaliza kambale na perege wote bila maneno mengi.

Tangu hapo nimenunua visu vingine, vingine nimegawa, na kila tukikaribia kwenda watu wananiuliza nichukue kipi. Basi hii hapa orodha yangu.

Ila kwanza tuelewane kazi yenyewe, maana wengi wananunua kisu cha sinema. Mtera ukiwa umevua kisu kinafanya nini? Kinakata kamba na nailoni, kinapara magamba ya perege, kinapasua tumbo, kinatoa kichwa cha kambale ambacho ni kigumu kama kokwa la embe, kinakata ndimu na nyanya, kinachonga vijiti vya kubanikia, basi. Kuni hazikatwi na kisu jamani! Migunga ya huku ni migumu na ina miiba, hiyo ni kazi ya panga, beba panga pembeni. Ukitaka kitu kimoja kifanye vyote utarudi na chuma kilichopinda. Pia usisafishie samaki pale maji yanapogusa nchi kavu, Mtera ina mamba na viboko, damu na matumbo unawaita mwenyewe. Chota ndoo ya maji panda juu huko, fanyia kazi kwenye ubao. Na leseni ya uvuvi ulizia mapema kwa afisa uvuvi, usisubiri kuulizwa ukiwa umeshika ndoano.

Haya, kuanzia cha kwanza.

1. Kisu cha bucha, inchi 6, mpini wa plastiki mweupe

Najua mlitegemea kitu cha kigeni. Hapana. Kile kile anachochunia muuza nyama wa soko la Majengo, bapa jembamba kiasi, la stenlesi, mpini wa plastiki umemwagwa juu ya chuma moja kwa moja hauna pa kuingiza maji. Vya Tramontina vinatoka Brazili na ndo navyovikubali zaidi, ila hata vya jina lisilojulikana vipo vizuri ukichagua kwa macho. Inchi 6 ni kama sentimita 15, inatosha kumpasua kambale mkubwa na haikusumbui kwa perege wa kiganja. Ukinunua inchi 8 kitakuwa kirefu mno ukiwa umechuchumaa, utajichoma paja.

Kwanini namba moja? Kwasababu watu wanaokitumia ni wale wanaokata nyama kuanzia asubuhi mpaka jioni na mikono yao imejaa mafuta, na hawakati vidole. Mpini ule una vinundu, hautelezi hata ukiwa na ute wa kambale, na ule ute wenyewe mnaujua, ukishika mpini wa mbao uliopakwa vanishi ni kama umeshika sabuni. Af kinanoleka popote. Hata kama umesahau kinoo, geuza kikombe cha chai kitako juu, ile duara isiyo na rangi inayokaa mezani, pitisha makali pale mara kumi kila upande kwa kuinua mgongo wa kisu kama unene wa kidole kidogo, utashangaa.

Shida yake ni moja tu, hakiji na ala. Na kisu bila ala kwenye begi ni ugomvi, kitatoboa begi, kitatoboa nguo, mwisho kitakutoboa wewe. Mimi yangu nimetengeneza kwa kipande cha bomba la plastiki la maji. Unakata bomba refu kidogo kuliko bapa, unalipasua upande mmoja, unalipasha moto juu ya mkaa kwa mbali, yaani uligeuzegeuze mpaka lilegee kama chapati, USILIUNGUZE maana moshi wake ni sumu na fanyia nje. Kisu unakizungushia gazeti mikunjo miwili ili ala isije ikabana sana, unakiweka katikati, unafunika, unabana kwa mbao mbili na kukalia juu mpaka lipoe. Halafu toboa tundu chini maji yatoke, toboa na mbili za juu upitishe kamba ya mkanda. Jumla imenigharimu chini ya elfu mbili, mwaka wa tatu huu bado ipo.

2. Mora Companion

Hiki kinatoka Sweden, mji wa Mora, na ndicho nilichonacho kwenye mkanda safari nyingi, kwahiyo mtaniuliza mbona sio cha kwanza. Kwasababu ya kukipata tu. Mpaka mtu akuletee au uagize mtandaoni, na ukishaagiza subira iwepo. Huko kwao ni kisu cha bei ya chini kabisa, cha mafundi seremala na wavuvi, lakini kikifika huku kinabeba nauli yake.

Bapa ni kama sentimita 10, unene milimita mbili na nusu, kuna cha stenlesi na kuna cha chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Kwa samaki chukua STENLESI, usisikilize wanaosema kile kingine kinakata zaidi. Ni kweli kinanoleka haraka, lakini ukikiacha na damu ya samaki usiku mmoja asubuhi kina madoa ya kahawia. Uzuri mkubwa wa Mora ni namna kilivyochongwa: kuanzia katikati ya bapa kinashuka kwa mteremko mmoja hadi kwenye makali, kwahiyo ukikilaza ule mteremko juu ya jiwe jiwe lenyewe linakuonyesha pa kukaa, huhitaji kubahatisha. Shemeji ambaye hajawahi kunoa kitu isipokuwa jembe alikinoa mara ya kwanza kikanyoa vinyweleo vya mkono.

Ala yake ni ya plastiki, inabana kwa kubofya, ina tundu chini. Kama unachagua rangi chukua ya machungwa, kisu cha kijani kikidondoka kwenye majani utakitafuta mpaka magharibi. Kwa kambale mkubwa ni kifupi, hilo nakiri.

3. Kisu cha fundi, cha springi ya gari

Hapa ndo penye utamu, na ndo penye kuliwa pesa.

Springi ya gari, lile pati la chini, ni chuma kizuri kweli kwa kisu, na wahunzi wetu wanakijua tangu zamani, sime nyingi mnazoziona kwa Wamasai ni hiyohiyo. Ukimpata fundi anayejua utakuwa na kisu utakachomwachia mtoto. Ila ukimpata wa haraka haraka anakata umbo kwa grenda, anatia mpini, anakung'arishia, anakupa. Kisu hicho kitakata siku mbili.

Kwahiyo kaa pale kama unaweza, uangalie. Fundi wa kweli akimaliza umbo anarudisha chuma motoni mpaka kiwe chekundu, wengine wanapima kwa sumaku, ikiacha kushika chuma kimefika, kisha anakitumbukiza kwenye oili chafu. Maji yanakipasua. Baada ya hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo, lazima akirudishe kwenye joto dogo kitulie. Kisha ndo anakipitisha kwenye grenda taratibu huku anakichovya maji. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu ujue kapasha moto kupita kiasi, ugumu umeondoka pale, mwambie arudie. Na kipimo cha mwisho beba tupa yako ndogo mfukoni: ipitishe kwenye makali, ikiteleza kama inapita kwenye kioo hapo kuna kisu, ikiuma na kutoa unga umeuziwa bati.

Mpini omba mbao ngumu, mpingo ukipatikana sawa, na ribiti mbili au tatu zinazopita mpaka ndani ya chuma. Cha kwangu nilikitengenezesha kwa elfu kumi na tano pamoja na ala ya ngozi. Ngozi nayo ikilowa usikiache kisu ndani, na kabla ya kwenda na baada ya kurudi pakaa mafuta ya kula, kutu haisubiri. Kama wewe ni mvivu wa kufuta visu, shuka namba nne.

4. Kisu chembamba cha jikoni

Vya Kiwi kutoka Thailand, mnavijua, bei ya chipsi kavu. Chembamba, chepesi, kikitoka dukani kinakata kama wembe. Kwa perege ni raha. Kinaisha makali haraka lakini kinarudi haraka. Kwa kichwa cha kambale hapana, makali yatapinda. Kama ni safari yako ya kwanza na hujui hata kama utapenda kuvua, nunua hiki, pesa iliyobaki nunua ndoano.

5. Vya kukunja

Opinel ya Ufaransa nimewahi kuwa nayo, namba 8, bapa sentimita nane na nusu na ile pete ya kuzungusha inayozuia kisikufunge vidole. Kisu kitamu sana cha kukatia ndimu na nyama choma. Lakini mpini wake wa mbao ukinywa maji unavimba, kinakataa kufunguka, unakigonga mezani kama unafungua soda. Na kila kisu cha kukunja, cha nani sijui cha nani, damu na magamba yanaingia kwenye mkunjo, siku ya pili begi zima linanuka. Victorinox wa Uswisi wana kile cha mvuvi chenye kiparia magamba na kichomoleo cha ndoano, kizuri mfukoni kama cha pili, ila bapa lake halijifungi kwa hiyo usikandamize nacho kitu kigumu. Feki zake zimejaa.

6. Kile kirefu kinachonesa, cha minofu

Wazungu wanakiweka namba moja kwenye orodha zao na kwao wako sahihi, wanatoa minofu wanatupa mifupa. Sisi samaki tunamla mzima, kichwa ndo tunagombania. Sasa unakinunua cha nini?

Mkiani: cha komando

Nishasema. Mpini ukiwa mtupu ndani maana yake bapa limeshikwa na skrubu moja au kulehemu kidogo pale shingoni, hakuna chuma kinachoingia mkononi mwako. Meno ya mgongoni hayakati mti, yanararua samaki tu, na kuparia magamba unahitaji mgongo laini.

Ukiwa dukani basi, chochote utakachochagua: kishike mpini ukitikise karibu na sikio, kikilia kirudishe. Tazama kwa ncha kama unalenga bunduki, bapa liwe limenyooka. Gusisha makali kwenye ukucha wa dole gumba bila kukandamiza, yakishika sawa, yakiteleza bado hayajanolewa. Na usidanganywe na yule anayepima stenlesi kwa sumaku, visu vingi vya stenlesi vinashika sumaku kama kawaida.

Kwenye mtumbwi funga kisu kamba, na mwisho wa kamba chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyofungwa vizuri, kikidondoka chupa inaelea unakivuta. Kwenye basi kiweke ndani ya ala ndani ya begi, sio kiunoni, konda na abiria wenzako nao wanataka kusafiri kwa amani.

Ule mpini wa komando bado ninao. Kifuniko nilimpa mtoto wa dada achezee, juzi kaniletea anauliza mjomba hii inaonyesha nini, nikaangalia. Kaskazini yake iko upande wa Iringa.